Utelezi wa Dizeli: Kinga ya Pampu na Injini

Watu wengi katika nchi yetu hutegemea injini ya dizeli, hata wale wasio na gari. Unga wa ugali husagwa kwa kinu kinachoendeshwa na dizeli. Lori la dizeli huleta mbolea shambani na kurudi sokoni na magunia ya mahindi. Basi hupeleka wanafunzi na wagonjwa, trekta hulima, na umeme ukatikapo hospitalini, mashine ya dizeli ndiyo huwasha taa katika chumba cha kupasulia. Kwa hiyo yafaa kila mtu, wala si fundi peke yake, aelewe jambo moja lisiloonekana kwa macho, ambalo laweza kuokoa au kupoteza fedha nyingi. Jambo hilo ni utelezi wa dizeli.

Tusemapo utelezi, maana yetu ni ile nguvu ya mafuta ya kuzuia vyuma viwili visisagane vinapopitana. Dizeli ina kazi mbili. Ya kwanza yajulikana na wote, nayo ni kuungua na kutoa nguvu. Ya pili ni kulainisha pampu na nozeli zile zile zinazoipeleka dizeli hiyo ndani ya injini. Kazi hii ya pili husahauliwa na wengi, na katika kusahauliwa huko ndimo hasara hutokea.

MFANO WA MWENYE KINU

Tuseme kuna mzee mmoja mwenye kinu cha kusagia mahindi karibu na soko. Injini yake imemtumikia miaka mingi bila taabu. Siku moja alimpata kijana auzaye dizeli kwa mitungi kando ya barabara, tena kwa bei iliyopungua shilingi kadhaa kwa kila lita. Mzee alifurahi, akawa mnunuzi wake wa kila juma. Baada ya miezi michache injini ikawa ngumu kuwaka, hasa ikiwa imekwisha pata moto. Moshi mweusi ukazidi, na nguvu ikapungua hata kinu kikawa kinasimama mahindi yakiwa mengi. Akamwita fundi.

"Fundi," alisema mzee, "injini hii nimeibadilishia oili kila ilipopasa, wala sikuchelewa hata mara moja. Imekuwaje basi?"

"Mzee, oili yako nimeitazama, na kweli umeitunza," fundi alijibu. "Lakini oili haifiki pale panapochakaa. Ndani ya pampu, pale plunja inapopanda na kushuka, hakuna kilainishi chochote ila dizeli yenyewe. Dizeli hii uliinunua wapi?"

Mzee akanyamaza. Alipoambiwa bei ya pampu na nozeli mpya, aliona kwamba shilingi zote alizoziokoa kwa mtungi hazikufika hata robo ya gharama hiyo. Tena siku zile ambazo kinu kilisimama, wateja wake walikwenda kwa mwingine, na wengine hawakurudi.

Mfano huu tumeutunga ili kueleza somo letu, lakini kila fundi wa dizeli atakubali kwamba mambo ya namna hii hutokea. Sasa na tutazame sababu zake.

OILI NA DIZELI, KILA MOJA NA MAHALI PAKE

Katika injini, oili hukaa chini katika kibakuli chake, na pampu ya oili huisukuma ipite kwenye beringi, pistoni na kuta za silinda. Sehemu hizo hulindwa na oili. Lakini dizeli ina njia yake nyingine. Hutoka katika tangi, hupita katika filta, huingia katika pampu ya dizeli, kisha hupelekwa kwa nguvu kubwa mpaka kwenye nozeli, ambazo mafundi wengi huziita nozo. Nozeli huipuliza dizeli ndani ya silinda kama ukungu mwembamba sana. Hewa iliyomo imekwisha kubanwa na kupata moto mkali, na dizeli ikikutana nayo huwaka yenyewe bila cheche.

Injini ya namna hii ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel, na ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini za kwanza zilikuwa kubwa na nzito, kwa maana zilihitaji mashine ya kubana hewa ili kuyapuliza mafuta ndani ya silinda. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1927, wakati kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta. Ndipo dizeli ilipoweza kutiwa katika malori na matrekta.

Pampu hiyo ni kazi ya ufundi wa ajabu. Ndani yake mna kipande cha chuma cha mviringo kiitwacho plunja, kinachopanda na kushuka katika kijumba chake. Kati ya plunja na kijumba hakuna mpira wala ngozi ya kuzuia mafuta yasivuje. Kinachozuia ni kule kulingana kwao tu. Nafasi iliyopo kati yao ni mikroni mbili hadi nne, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa cha mtu una unene wa mikroni zipatazo 70. Maana yake ni kwamba unywele mmoja ungepaswa kupasuliwa mara ishirini hivi kabla ya kuingia katika nafasi ile.

Basi katika nafasi hiyo nyembamba hupita dizeli peke yake. Katika pampu za kizamani zilizopangwa mstari mmoja, kama zile za malori mengi ya zamani, mhimili wa chini hulainishwa na oili, lakini plunja hulainishwa na dizeli. Katika pampu za mzunguko, ambazo ni ndogo na zilitiwa katika magari mengi madogo na matrekta, sehemu zote za ndani hulainishwa na dizeli. Katika injini za siku hizi, ambamo dizeli hukusanywa kwanza katika bomba moja lenye shinikizo kubwa, shinikizo hilo laweza kupita mara 2,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Kadiri shinikizo linavyozidi, ndivyo vyuma vinavyogandamizana zaidi, na ndivyo utelezi wa mafuta unavyohitajiwa zaidi.

UTELEZI HUTOKA WAPI?

Mafuta hulinda chuma kwa njia mbili, na mtu wa pwani ataelewa upesi tukimpa mfano wa ngalawa. Ngalawa ikiwa baharini huelea juu ya maji, na chini yake haigusi mchanga. Vivyo hivyo, vyuma vikiwa katika mwendo wa haraka, mafuta huingia kati yao na kuvibeba, hata havigusani kabisa. Njia hii hutegemea uzito wa mafuta, yaani jinsi yanavyotiririka, kama ni mazito kiasi au ni mepesi kama maji.

Lakini ngalawa ifikapo ufukoni, maji hupungua na chini yake huanza kukwaruza mchanga. Hapo wavuvi hutandika magogo ili waivute bila kuiharibu. Hali kadhalika katika pampu, kuna nyakati ambapo mafuta hayatoshi kuvibeba vyuma. Huwa hivyo injini inapowashwa, au plunja inapogeuza mwendo, au mzigo unapokuwa mkubwa. Wakati huo vyuma hukaribiana mno hata vingegusana. Kinachoviokoa ni vijisehemu vichache vilivyomo katika dizeli, ambavyo tabia yake ni kujishika kwenye chuma. Upande mmoja wa kijisehemu hushikamana na chuma, na upande wa pili huelekea nje, kama manyoya ya zulia. Utando huo ni mwembamba kupita kiasi, lakini watosha kuzuia chuma kisikwaruze chuma.

Vijisehemu hivyo ni vitu vyenye asili ya oksijeni na naitrojeni, navyo hupatikana kwa uchache sana katika mafuta yasiyosafishwa mno. Ni kidogo kama chumvi katika sufuria la mboga, lakini ukosefu wake huonekana upesi.

DIZELI ILIPOSAFISHWA MNO

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali habari hii, maana dizeli ya zamani ilikuwa na utelezi wake wa asili. Lakini pia ilikuwa na salfa nyingi, nayo salfa ina madhara mengi. Ikiungua hutoa gesi kali. Gesi hiyo ikichanganyika na maji hugeuka asidi, na asidi hula kuta za silinda na kuichosha oili. Tena huzidisha moshi unaodhuru mapafu ya watu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani ya mapafu.

Kwa ajili hiyo nchi nyingi zilianza kuondoa salfa. Katika viwanda vya kusafishia, dizeli hupitishwa pamoja na gesi ya haidrojeni katika moto na shinikizo kubwa, na salfa hutoka. Lakini hapo ndipo palipotokea jambo lisilotazamiwa. Njia hiyo haitoi salfa peke yake, bali huondoa pia vile vijisehemu vyenye kujishika kwenye chuma. Dizeli hutoka safi, lakini imekauka.

Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuligundua jambo hilo. Tangu mwaka 1991 nchi hiyo ilipunguza kodi ya dizeli iliyosafishwa sana, yenye salfa isiyozidi gramu 10 katika kila kilo 1,000. Wenye magari waliinunua kwa wingi. Haukupita muda mrefu kabla ya pampu za mzunguko kuanza kuharibika, hata katika magari ambayo hayakuwa yamekwenda mbali. Wataalamu walipozifungua waliona vyuma vimesagika kana kwamba vimeendeshwa vikavu. Hapo wakafahamu kwamba usafi wa mafuta na utelezi wake ni mambo mawili mbalimbali.

Dawa yake ilipatikana, tena si ya gharama kubwa. Dizeli iliyosafishwa hutiwa kilainishi kidogo kabla ya kuuzwa. Vilainishi hivi hutengenezwa mara nyingi kwa asidi za mafuta ya mimea, kama vile mafuta ya misonobari na ya soya. Kiasi chake ni kidogo sana, maana kikombe kimoja cha chai chaweza kutosha dizeli ya mapipa matano. Dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea nayo ina utelezi mwingi, hata ikichanganywa sehemu mbili tu katika mia na dizeli ya kawaida, utelezi hurudi. Yafaa kukumbuka kwamba katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Baada ya karne moja mimea imerudi tena kuisaidia injini hiyo, ingawa kwa njia nyingine.

HABARI ZA AFRIKA YA MASHARIKI

Mwanzoni mwa mwaka 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi gramu 50 katika kila kilo 1,000. Kabla ya hapo kiasi kilichoruhusiwa Kenya kilikuwa gramu 500. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kimekwisha acha kazi hiyo mwaka 2013, na dizeli yetu huletwa kwa meli ikiwa imekwisha safishwa ng'ambo.

Watu wengine husema kwamba dizeli hii mpya huua injini kwa sababu haina salfa, na kwamba salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha. Maneno hayo si kweli. Salfa yenyewe siyo iliyolinda pampu, bali ni vile vijisehemu vilivyoondoka pamoja nayo. Dizeli yenye salfa kidogo, ikiwa imetiwa kilainishi kama ipasavyo, huilinda pampu vizuri, na tena huizuia silinda isiliwe na asidi. Mwenye injini hana sababu ya kuiogopa dizeli safi. Anayopaswa kuiogopa ni dizeli iliyochanganywa.

UTELEZI HUPIMWAJE?

Haiwezekani kuupima utelezi kwa kusugua mafuta kati ya vidole. Mafuta ya taa nayo huteleza vidoleni, lakini katika pampu hayafai. Wataalamu wana chombo maalumu. Huchukua gololi ya chuma yenye upana wa milimita 6, na kuigandamiza kwa uzito wa gramu 200 juu ya bamba la chuma lililozama katika dizeli yenye joto la digrii 60. Gololi hiyo husuguliwa huku na huku, mwendo wa milimita moja, mara 50 kila sekunde, kwa muda wa dakika 75. Hesabu yake ni misuguo 225,000. Kisha hutazamwa kwa darubini alama iliyochimbwa katika gololi.

Alama ikiwa ndogo, dizeli ina utelezi mzuri. Ikiwa kubwa, dizeli ni kavu. Kanuni za Ulaya zasema alama isizidi mikroni 460, yaani chini kidogo ya nusu milimita. Marekani nayo iliweka kipimo cha mikroni 520, kilichoanza kutumika mwaka 2005. Msomaji ataona kwamba tofauti kati ya dizeli nzuri na mbaya ni ndogo kuliko punje ya mchanga, lakini katika nafasi ya mikroni tatu, tofauti hiyo ni kubwa mno.

HATARI YA MAFUTA YA TAA

Wachuuzi wasio waaminifu huchanganya dizeli na mafuta ya taa kila yanapokuwa ya bei ndogo. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli, na utelezi wake ni mdogo. Basi hukosa njia zote mbili tulizozieleza: hayawezi kuvibeba vyuma, wala hayana utando wa kutosha wa kushika chuma.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana wakati wa vita vya Ghuba vya mwaka 1990 na 1991. Majeshi ya Marekani yaliyokuwa Arabuni yaliendesha magari mengi ya dizeli kwa mafuta ya ndege, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Katika joto la jangwa mafuta hayo yalizidi kuwa mepesi. Pampu za mzunguko zikachakaa, na injini zikawa ngumu kuwaka zikiwa na moto. Msomaji atakumbuka kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa injini ya mwenye kinu.

Katika Kenya, uchanganyaji huu ulizidi hata ikapasa kuchukua hatua. Mwaka 2018 iliwekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwe mbali na ya dizeli na wachanganyaji wakose faida. Hatua hiyo iliwagusa hata akina mama wanaopikia mafuta ya taa, watu ambao hawakuchanganya chochote. Hivyo ndivyo udanganyifu wa wachache ulivyoleta mzigo kwa wengi.

UHARIBIFU HUENEAJE?

Pampu ikichakaa, uharibifu haukomi hapo. Kwanza, chembe za chuma zilizosagika huchukuliwa na dizeli mpaka kwenye nozeli, na matundu ya nozeli ni membamba sana. Nozeli ikichakaa, haipulizi tena ukungu, bali hudondosha mafuta. Pili, matone hayo hayaungui vizuri. Hutoa moshi mweusi, na dizeli nyingi hutumika kwa kazi ndogo. Tatu, mafuta yasiyoungua hugonga kuta za silinda na kuosha oili iliyopo. Ndipo ringi za pistoni zinaposuguana na silinda bila kinga. Nne, dizeli hiyo huteremka na kuingia katika oili, na kuifanya nyepesi, hata beringi nazo huanza kuchakaa.

Kwa njia hii ukosefu wa utelezi, ulioanza katika nafasi isiyoonekana kwa macho, hufika mpaka moyoni mwa injini. Wahenga walisema kweli kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAMBO YAMPASAYO MWENYE INJINI

Kwanza, nunua dizeli katika kituo kinachojulikana, na udai risiti. Weka risiti hizo pamoja na tarehe. Ikitokea hasara, utaweza kueleza mafuta yalitoka wapi. Ukiwa na shaka juu ya mafuta, peleka habari kwa wakaguzi wa Serikali. Mafuta ya taa hutiwa alama ya siri, ambayo wakaguzi waweza kuitambua hata ikiwa ndani ya dizeli.

Pili, usiache tangi likauke. Injini ikiendelea kuzungushwa bila mafuta, pampu huzunguka kavu, na dakika chache zatosha kuiharibu. Jaza mapema, na baada ya kubadili filta toa hewa yote kabla ya kuwasha.

Tatu, jihadhari na maji. Maji hayana utelezi wa kulinda pampu, tena huleta kutu. Funga pipa vizuri, liweke mahali pasiponyeshewa, na uliache litulie kabla ya kuchota. Usichote mafuta ya chini kabisa. Fungua kizibo cha chini ya filta mara kwa mara ili maji yatoke.

Nne, usihifadhi dizeli katika chombo cha bati lililopakwa zinki, kama debe la maji au tangi la mvua. Dizeli huweza kushambulia zinki hiyo na kufanya utando kama sabuni unaoziba filta.

Tano, badilisha filta kwa saa au maili zilizoandikwa katika kitabu cha injini. Vumbi si sawa na ukosefu wa utelezi, lakini vyote viwili huharibu plunja ile ile. Hata mafuta yenye utelezi mwingi hayawezi kuilinda pampu inayolishwa mchanga.

Sita, usitie katika tangi kitu chochote kwa kubahatisha. Wengine hutia oili chakavu wakidhani yaongeza utelezi. Oili hiyo imejaa chembe za chuma na masizi, nayo huziba nozeli. Wengine hutia mafuta ya kupikia, wakisikia kwamba mimea hulainisha. Mafuta ya kupikia kama yalivyo ni mazito, na hugandamana katika nozeli na ringi. Dizeli ya mimea tuliyoitaja hutengenezwa kiwandani kwa njia maalumu kabla ya kufaa injini.

Saba, ujue dalili. Injini ikiwa ngumu kuwaka ikiwa na moto, nguvu ikipungua, moshi mweusi ukizidi, au oili ikionekana kuongezeka yenyewe na kunuka dizeli, usingoje. Mwite fundi mwenye chombo cha kupimia nozeli. Nozeli iliyopimwa mapema huenda ikatengenezwa, lakini silinda iliyokwisha liwa haina budi kuchongwa upya au kubadilishwa.

MWISHO

Dizeli ni chakula cha injini, na pia ni kinga ya pampu yake. Mtu atazamaye bei ya lita peke yake huiona ile kazi ya kwanza, wala haioni ya pili. Safari nyingine utakapoona mtungi wa dizeli ya bei ndogo kando ya njia, usiulize tu ni shilingi ngapi kwa lita. Uliza pia pampu yako ni shilingi ngapi, na ni siku ngapi waweza kukaa bila kazi.

MASWALI KWA MSOMAJI

1. Ni sehemu zipi za injini zinazolindwa na oili, na zipi zinazolindwa na dizeli?
2. Kwa nini dizeli iliyosafishwa sana yaweza kukosa utelezi, na dawa yake ni nini?
3. Kwa nini kusugua mafuta kati ya vidole si kipimo cha kuaminika?
4. Eleza jinsi nozeli iliyochakaa inavyoweza kuharibu silinda.
5. Andika dizeli unayonunua kwa mwezi mmoja na bei yake. Kisha uulize bei ya pampu mpya, na upige hesabu: je, punguzo la shilingi 5 kwa lita lingehitaji miezi mingapi ili kuilipa?